Mahindi Yenye Kuvu Si Chakula cha Mbwa

Karibu kila mkulima katika skimu za makazi ana mbwa wa kulinda boma, na aghalabu ana paka wa kulinda ghala. Wanyama hawa wawili hawahesabiwi pamoja na mifugo, wala si wengi wanaowatengea chakula chao. Hula kinachobaki. Na kinachobaki mara nyingi ni kile ambacho watu wa nyumbani wamekikataa: ugali uliolala, mchuzi uliochacha, na mahindi yaliyoharibika ghalani. Watu husema, "Mpe mbwa, tumbo lake ni gumu." Maneno hayo si kweli, na yamewapotezea watu mbwa wengi.

YALIYOTOKEA MWAKA WA 1977

Katika mwaka wa 1977 mbwa wengi na kuku wengi walikufa katika miji ya Mombasa, Nairobi na Eldoret. Sababu ilikuwa chakula kilichowekwa vibaya hata kikaota kuvu. Kuvu hiyo hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hii ilianza kujulikana baada ya mwaka wa 1960, wakati bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kula chakula cha njugu zilizoota kuvu.

Si ajabu kwamba Mombasa ilikuwa mmoja wa miji hiyo. Mombasa ni kisiwa, na joto na unyevu haviondoki. Hata katika nyumba za Mji wa Kale, zenye kuta nene za mawe ya matumbawe, gunia la unga likiwekwa sakafuni wakati wa masika hushika unyevu ingawa paa halivuji. Hali hiyo ndiyo kuvu huipenda. Ninyi mlio Shimba Hills au Magarini mnaijua vizuri, maana mvua na joto la pwani ni lenu pia.

Sumu hii haionekani kwa macho. Ukiipangusa kuvu, sumu hubaki ndani ya punje. Ukiyasaga mahindi, hubaki katika unga. Ukiupika unga huo ugali, bado imo, kwa kuwa moto wa jikoni hauiondoi. Huharibu ini, na mbwa ni mmoja wa wanyama wanaodhurika nayo upesi sana.

DALILI ZA KUANGALIA

Mbwa aliyekula sumu hii kwanza hukataa chakula. Hulala tu, hutapika, na hunywa maji mengi. Kisha weupe wa macho na ufizi huwa manjano, na mkojo huwa na rangi nzito. Mara nyingine choo huwa cheusi kama lami, au chenye damu. Hapo ini limekwisha kuumia, na mbwa aweza kufa katika siku chache. Hakuna dawa ya kuifuta sumu hii. Daktari wa mifugo aweza kumsaidia mnyama ikiwa ameitwa mapema, lakini si akiitwa siku ya mwisho.

Usichanganye ugonjwa huu na kuharisha kwa kawaida. Mbwa aliyeokota uchafu huweza kutapika mara moja au mbili, kisha akapona. Mpe maji safi, na chakula kidogo kidogo kisicho na mafuta. Lakini akitapika mchana kutwa, au ukiona damu, au macho ya manjano, usingoje kesho.

PAKA NAYE ANA SHERIA ZAKE

Katika Mji wa Kale nyumba nyingi hazifugi mbwa, lakini paka wamejaa kila kichochoro. Huwangoja wavuvi karibu na Bandari ya Kale, wakapewa vichwa na matumbo ya samaki. Ukiwatazama utadhani paka hahitaji kingine. Hata hivyo kuna mambo ya kujua.

Paka ni mla nyama tangu kuumbwa kwake. Katika nyama na samaki kuna kitu kiitwacho taurini ambacho mwili wa paka hauwezi kujitengenezea cha kutosha. Mwaka wa 1975 wataalamu walionyesha kwamba paka akikikosa hupofuka, na mwaka wa 1987 ikaonekana kwamba moyo wake pia hudhoofika. Basi paka wa kulishwa ugali mtupu hatalinda ghala lako muda mrefu.

Lakini samaki mbichi peke yake kila siku si vizuri pia, kwa sababu baadhi ya samaki huharibu vitamini ambayo paka anaihitaji. Mchemshie. Bunju asipewe kabisa, kwa kuwa ini na mayai yake yana sumu kali ya kuua mtu na paka vilevile. Na maziwa, ambayo watu wengi hudhani ndiyo chakula cha paka, huwaharisha paka wengi wakubwa. Maji safi yatosha.

Wengine humnyima paka chakula ili akamate panya. Hilo ni kosa. Paka huwinda kwa tabia yake hata akiwa ameshiba, na mwenye afya huwinda vizuri kuliko mwenye njaa na minyoo.

MAMBO YA KUFANYA

1. Kausha mahindi vizuri kabla ya kuyaweka. Tia punje kavu kidogo na chumvi kavu katika chupa kavu, uitikise, kisha uiache itulie. Chumvi ikishika chupa, mahindi bado yana maji, yaanike tena.

2. Weka magunia juu ya vichaga, mbali na ukuta. Usiyaweke sakafuni.

3. Mahindi yenye kuvu usimpe mbwa, wala kuku, wala ng'ombe. Ng'ombe akila, sumu hupita katika maziwa na kuwafikia watoto. Yafukie katika shimo refu.

4. Usimpe mbwa wala paka mabaki yenye vitunguu vingi, maana huharibu damu yao. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika kama miiba na kutoboa matumbo.

5. Muulize Afisa wa Mifugo dawa ya minyoo inayofaa, na kipimo chake.

Mwaka wa 2004 watu 317 waliugua kwa sumu hiihii katika sehemu za Makueni, Kitui na jirani zake, na 125 kati yao walikufa. Walikula mahindi ya nyumbani, yaliyowekwa yakiwa na unyevu. Kwa hiyo mbwa wako akiwa na macho ya manjano, usimtazame yeye tu. Litazame na gunia alilolishwa. Ikiwa jamaa wa nyumbani nao hula humo, acheni kulitumia siku hiyohiyo, na mpelekee habari Afisa wa Kilimo. Yeyote kati yenu akianza kuumwa tumbo, kutapika au kuwa na macho ya manjano, apelekwe hospitali bila kukawia.