Maji ya Mgodi ni Maji ya Nani?

Mgodi wa Buzwagi, wilayani Kahama, ulianza kutoa dhahabu mwaka 2009. Ilipofika mwaka 2021 kazi ya kuchimba ilikuwa imekwisha. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa kwanza alikuwa bado hajamaliza shule ya msingi. Mgodi ulifungwa, kiu yake haikufungwa. Ndiyo maana twasema kwamba maji ya mgodi yasipangwe kwa umri wa dhahabu, bali kwa umri wa watu watakaobaki pale.

Yafaa tutazame Kalgoorlie, katika nyika kavu ya Australia ya Magharibi. Dhahabu ilipoonekana huko mwaka 1893 watu walimiminika kwa maelfu, na maji hayakuwapo. Yaliyopatikana ardhini yalikuwa ya chumvi. Ilibidi yachemshwe kwa kuni na mvuke wake ukingwe, kisha yauzwe kwa bei ya kumfilisi mchimbaji kabla hajaiona dhahabu yenyewe. Homa ya matumbo ikaua wengi. Hapo mhandisi wa serikali, C. Y. O'Connor, akashauri jambo lililochekwa: kuuzuia mto kwa ukuta huko Mundaring, karibu na Perth, na kuyasukuma maji kwa vituo vinane vya pampu za mvuke, safari ya zaidi ya kilomita 500, tena ya kupanda. Magazeti yalimwandama, naye akajiua mwezi wa Machi 1902. Maji yalifika Kalgoorlie mwezi wa Januari 1903.

Urefu wa bomba lile si neno. Neno ni kwamba lilijengwa na serikali, halikuwa la kampuni moja, na baadaye likatoa matawi kwenda mijini na katika mashamba ya ngano. Migodi mingi ya siku zile imekwisha zamani. Maji yangali yakipita. Tena migodi mingi ya huko leo husaga mawe yake kwa maji ya chumvi ya chini ya ardhi, maana kinu hakina ulimi.

Nasi tunao mfano wetu. Mwaka 1962 Serikali ya Tanganyika ilikataa kufungwa na mkataba wa maji ya Nile uliowekwa na wakoloni mwaka 1929. Mwaka 2009 likazinduliwa bomba la kutoka Ihelele, Ziwa Viktoria, kwenda Kahama na Shinyanga, nchi ya dhahabu na almasi.

Lakini bomba peke yake si mpango. Pampu hula umeme, umeme hudai fedha kila mwezi, na mnunuzi mkubwa akiondoka mzigo huo huwaangukia wenye ndoo. Basi kila anayeomba kibali cha kufungua mgodi aulizwe mapema: maji yatatoka wapi mwaka wa mvua haba? Visima vya vijiji vitashuka kiasi gani shimo likikaushwa? Maji ya bwawa la tope yatarudishwa kinuni kiasi gani kabla ya kuchota mengine? Na siku ya kufunga, bomba na pampu zitakabidhiwa nani, na mafundi wa kuziendesha watakuwa wamefunzwa na nani? Swali hili la mwisho huachwa hadi wenye mgodi wanapofunga mizigo.

Majibu yaandikwe katika mkataba, kisha yabandikwe kwenye ofisi ya kijiji kabla jiwe la kwanza halijapasuliwa.