Pete ya Ndege: Habari za Watamu kwa Wakulima wa Kabras

Mwezi uliopita mama mmoja wa skimu alifika katika ofisi yetu ya kilimo akiwa na kitu kidogo amekifunga katika pembe ya leso yake. Alikuja kwa habari ya mbegu, lakini alipokwisha kutia sahihi alikifungua kile kifundo akaniuliza, "Mwalimu, hiki ni mali ya Serikali? Mtoto wangu amekivaa shingoni siku nyingi, nami naogopa." Watu wa huku bado huniita Mwalimu, kwa kuwa nilisomea kazi hiyo kabla ya kuwa karani.

Kilikuwa pete ya madini mepesi, ndogo hata haiwezi kuingia katika kidole cha mtoto mchanga. Ilikuwa na nambari, na herufi ndogo mno ambazo nusu yake zilikwisha futika. Mtoto aliitoa katika mguu wa mbayuwayu aliyemkuta amekufa kando ya miwa, akaitia uzi, akaifanya pambo. Nilimwambia mama asiogope. Lakini nilipomwuliza siku ambayo ndege yule aliokotwa, hakujua, na mtoto hakujua. Hapo ndipo nilipoona yafaa niwaelezee wasomaji wote wa gazeti letu maana ya pete hizi, maana huenda nyingine ziko shingoni mwa watoto au zimetupwa jikoni.

Bwana Mkulima, nawe Mama, kila mwaka mnapolima kwa mvua ya mwezi wa Machi mnawaona wageni. Mbayuwayu wenye koo jekundu na mkia wa panda hupita chini chini juu ya miwa. Ndege wadogo wenye tumbo la manjano, wanaotikisa mkia, hutembea katikati ya miguu ya ng'ombe. Korongo weupe wenye mabawa meusi na miguu mirefu myekundu hufuata trekta na kuokota wadudu kila jembe linapogeuza udongo. Kisha, mahindi yanapofika magotini, hawaonekani tena. Wazee wengine husema wamejificha, wengine husema mvua imewafukuza. Ukweli ni kwamba wamekwenda kwao kuzaa.

Nilipokuwa chuoni tulifundishwa jambo hili kwa chungwa na taa. Dunia imeinama kidogo, kama chungwa lililochomwa kijiti na kuinamishwa upande. Kwa hiyo kuanzia mwezi wa Machi upande wa kaskazini huanza kuielekea taa, nao upande wa kusini huipa kisogo. Sisi tulio karibu na Ikweta hatuoni tofauti kubwa. Lakini huko Ulaya, Urusi na Siberia theluji huyeyuka, mchana huwa mrefu, na mbali kabisa kaskazini jua halituwi kwa wiki nyingi. Wadudu hutokea huko kwa wingi usiohesabika, na ndege ana mchana mrefu wa kulisha makinda yake. Baridi ikirudi wadudu hufa, naye ndege hurudi kwetu. Basi sisi si nchi ya ugenini kwake kama tunavyodhani, maana wengi wao hukaa Afrika miezi mingi kuliko wanayokaa huko wanakozaliwa.

Je, watu walijuaje haya? Walijua kwa pete.

Mwaka juzi, mwezi wa Aprili, nilichukua likizo nikaenda Watamu, karibu na Malindi, kwa nauli yangu mwenyewe. Wenzangu ofisini walicheka kwamba karani anakwenda pwani kutazama ndege, na hali hapa Malava ndege wamejaa msituni. Lakini nilitaka kuona kazi yenyewe. Huko Watamu, ufuoni kabisa, kipo kituo kiitwacho Mwamba, cha shirika la A Rocha Kenya, na karibu nacho iko hori ya Mida, ambapo maji ya bahari huingia katikati ya mikoko na kutoka, mara mbili kila siku. Maji yakipwa hubaki matope mapana yenye kaa na minyoo, na matope hayo ndiyo meza ya chakula ya maelfu ya ndege wa pwani.

Siku ya kituo huanza kabla ya mapambazuko. Nyavu nyeusi, za nyuzi nyembamba kama unywele, hufungwa kati ya miti miwili katika vichaka, na ndege haioni mpaka amekwisha ingia. Watu huzizungukia nyavu hizo mara kwa mara bila kuchoka, kwa sababu ndege akiachwa muda mrefu atachoka, au jua litamwua, au siafu watamfikia. Jua likiwa kali au mvua ikinyesha, nyavu hufungwa, hata kama ndege wanapita kwa wingi. Mchana hesabu huandikwa daftarini. Alasiri watu huenda Mida na darubini kuhesabu ndege walio matopeni. Huhesabu kumi kumi, kama sisi tunavyohesabu magunia yanaposhuka kwenye lori.

Kazi kubwa ya ndege wa pwani hufanywa usiku, tena usiku usio na mwezi. Jioni ile, maji yakipwa, tulisimamisha nguzo katika matope na kufunga nyavu. Mimi nilizama hadi mapajani, nikapoteza kiatu kimoja, wala sijakipata hata leo. Kisha tukangoja. Maji yalikuwa yajae saa kumi za usiku. Bahari inapopanda hufunika matope, nao ndege hulazimika kuruka gizani kutafuta mahali pakavu pa kusimama, na hapo ndipo hukutana na wavu. Yakaja maji, zikaja sauti za filimbi nyembamba juu ya vichwa vyetu, na watu wakaingia majini na tochi na mifuko ya kitambaa.

Nilikaa kando ya meza, na hapo nilijiona nipo ofisini kwangu. Mmoja alimtoa ndege mfukoni, akamtia pete mguuni kwa koleo maalumu, akasoma nambari kwa sauti. Akapima ubawa kwa rula. Akatazama manyoya, yapi ni ya zamani na yapi mapya, ili kujua umri wake. Akamtumbukiza kichwa chini katika kikopo juu ya mizani, kwa maana ndege akiwa gizani hutulia. Mwingine aliandika yote daftarini. Hatimaye ndege aliwekwa chini polepole, akasimama kidogo kama mtu aliyeamshwa, akaruka. Yote hayo huchukua dakika chache. Hii ni kazi ya rejista, wala si uwindaji, sawa na ile ya kumpiga ng'ombe nambari sikioni na kumwandika josho.

Aliyenishangaza zaidi ni kitwitwi mmoja mwenye mdomo uliopinda chini. Miezi yote ya mwisho wa mwaka ndege huyu ni wa kijivu, hana sura ya kusifiwa, na uzito wake ni gramu 50 na kidogo tu. Lakini ifikapo Aprili huvaa manyoya mekundu kama tofali, naye hula usiku na mchana, mpaka baadhi yao hufikia gramu 80 kabla ya kuondoka. Ni kama mtu wa kilo 60 afike kilo 96 kwa wiki chache. Wakipuliza manyoya ya tumbo kwa pumzi huyaona mafuta ya manjano chini ya ngozi. Mafuta hayo ndiyo petroli yake. Ataondoka nayo kuelekea Siberia, penye ardhi isiyo na miti, atage mayai chini katika nyasi. Sasa fikiri kama katika wiki hizo watu wanamfukuza kila anapotua kula. Ataondoka na tangi nusu.

Hawaondoki wote. Wengi wa vijana waliozaliwa mwaka uliopita hubaki pwani yetu mpaka mwaka wa pili, kwa kuwa hawajawa tayari kuzaa. Nao ndege weupe na weusi wenye mdomo mnene wa kuvunjia kaa, ambao Mida inasifika kwao, hawaendi Siberia. Wao huzaa katika visiwa na pwani za Ghuba ya Uajemi na Bahari ya Shamu. Huchimba shimo katika mchanga na kutaga humo yai moja tu, jeupe.

Msomaji atauliza, watu wa Mida wanapata nini? Swali la haki. Tangu mwaka 2001 uko mpango uitwao ASSETS. Wageni wanaokuja kutazama ndege hulipa ada ili wapite juu ya daraja la mbao katikati ya mikoko, na fedha hizo husaidia kulipa karo za sekondari za watoto wanaokaa kando ya hori na ya msitu wa Arabuko-Sokoke.

Lakini turudi kwetu, maana pete hazikai pwani tu. Januari 2024, katika kaunti jirani ya Siaya, kipanga mmoja mla samaki alinaswa katika wavu wa mvuvi. Mguuni alikuwa na pete ya makumbusho ya Helsinki, katika nchi ya Finland. Alikuwa amesafiri kiasi cha kilometa 7,000. Alipelekwa kutibiwa, lakini alikuwa amedhoofika sana, akafa. Hata hivyo, kwa sababu pete ilisomwa na kupelekwa habari, watu wa Finland walijua ndege wao alifika wapi.

Wengine hawafi kwa bahati mbaya. Huko Bunyala, katika kaunti ya Busia, watafiti tangu mwaka 2009 hivi waliandika jinsi watu walivyotega ndege katika mashamba ya mpunga kwa dawa ya carbofuran. Dawa hiyo ni ya kuua wadudu wa udongoni. Watu waliitia ndani ya konokono, korongo wakala wakaanguka, na nyama ikauzwa kwa walaji. Nasema wazi kwamba hata mahali ambapo hakuna ajuaye pete, mtu anayekula nyama ya namna hiyo anakula sumu. Tena dawa iliyopimwa kwa shamba la mahindi, ikimwagwa ovyo kando ya mto Nzoia, haichagui mdudu wala ndege wala ng'ombe anayekunywa maji.

Wala sisemi ndege atafanya kazi yote ya dawa. Yule kiwavi mgeni kutoka Marekani, aliyeonekana katika mahindi yetu mwaka 2017, hujificha ndani ya moyo wa mmea ambapo korongo hamfikii kwa urahisi, na kwa huyo fuata maneno ya Bwana Shamba. Lakini viwavijeshi wa zamani, wale wanaotembea kwa makundi katika malisho na mahindi machanga, pamoja na panzi, ndio chakula cha korongo. Ukiona korongo wametua shambani usiwatume watoto na mawe. Waache wale. Ifikapo saa nne, udongo uliolimwa ukipata moto, utawaona wakizunguka angani bila kupiga mabawa. Wanapandishwa na hewa ya moto kutoka katika shamba lako, na kwa hewa hiyo husafiri kuelekea kaskazini.

Sasa habari ya kufanya. Ukimkuta ndege mwenye pete naye yu hai, usiivue. Andika herufi zote na nambari zote kama zilivyo, hata usizozielewa, kisha mwachilie. Akiwa amekufa, ivue pete, ibandike kwenye karatasi kwa gundi ya karatasi. Katika hali zote mbili andika mambo matatu: siku, mahali, na jinsi alivyopatikana. Pete isiyo na siku ni kama hundi isiyo na sahihi. Ilete ofisi ya kilimo au kwa watu wa wanyama pori, nasi tutaifikisha Makumbusho ya Taifa, Nairobi, ambako kumbukumbu za pete huwekwa. Huna kosa lolote kuileta. Na wanaohusika hupenda kumjibu aliyeileta, wamwambie ndege wake alivalishwa pete wapi na mwaka gani.

Kwa ile pete ya yule mama tulikuwa na nambari na mahali, lakini siku hatukuwa nayo. Tulikaa kitambo. Nikamwuliza mtoto, ambaye alikuwa amejibanza nyuma ya mama yake, siku ile walikula nini, nani alikuwa nyumbani, mvua ilinyesha au la. Hakujibu. Mwishowe akasema, kwa sauti ndogo, kwamba aliiokota wakati baba yake alikuwa akishusha mifuko ya mbolea kutoka kwenye mkokoteni, naye alimkimbilia kumwonyesha ndege, akakemewa arudi kusaidia.

Nikainuka nikatoa daftari la mbolea kabatini, nikalifungua kwenye jina la bwana yule. Alichukua mifuko minne, tarehe 19 Machi. Nikaiandika tarehe hiyo kwenye karatasi chini ya pete, mama akaweka sahihi yake, na barua ikaondoka Ijumaa ile ile.