Baada ya Siku ya Tatu

JUMAMOSI ya tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia iliruka kutoka Addis Ababa kuelekea Nairobi ikiwa na watu 175. Muda mfupi baadaye vijana watatu waliingia kwa nguvu katika chumba cha rubani, wakadai kuwa wana bomu na kuamuru wapelekwe Australia. Nahodha Leul Abate aliwaeleza kuwa mafuta yaliyomo hayafiki huko. Hawakumsadiki. Aliifuata pwani ya Afrika Mashariki kuelekea kusini, na walipomlazimisha kuiacha nchi kavu akaielekeza ndege upande wa Komoro. Takriban saa nne tangu iruke, mafuta yalikwisha, ikaanguka baharini karibu na Mitsamiouli, kisiwani Ngazija.

Wenyeji na wageni wa hoteli iliyokuwa ufukweni walikimbilia kuokoa. Watu 50 walinusurika. 125 walifariki, wakiwamo watekaji wenyewe. Baadhi hawakuuawa na kishindo. Walikuwa wameyajaza upepo maboya yao wakiwa bado ndani, na maji yalipoingia maboya yakawainua hadi darini, wasiweze kuifikia milango.

Miongoni mwa marehemu alikuwa ndugu yetu Mohamed Amin, mpiga picha mzaliwa wa Nairobi aliyesoma Dar es Salaam. Picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ndizo zilizoiamsha dunia ikatoa msaada. Mwaka 1991 alipoteza mkono kwa mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa, na bado akarejea kazini. Siku ile alikuwa akirudi nyumbani. Mwanawe, Salim, aliishika kampuni ya baba yake, na baadaye akatengeneza filamu juu ya maisha yake. Huyo tunamjua kwa kuwa baba yake alikuwa mashuhuri. Nyuma ya kila mmoja wa wale wengine palikuwa na mlango uliosubiri kubishwa, na habari zao hatuzisikii.

Mtume wetu (SAW) alitufundisha namna ya kuuendea mlango kama huo. Mwaka wa 8 Hijria, Jaafar bin Abi Talib aliuawa Mu'ta, mbali na Madina, na huko huko akazikwa. Siku ile mkewe, Asmaa bint Umais, alikuwa amekwisha kukanda unga na kuwaogesha watoto. Mtume (SAW) aliingia, akawaita watoto wale, akawakumbatia huku machozi yakimtoka. Kisha akaagiza watu wa Jaafar wapikiwe chakula, kwa kuwa wamefikwa na jambo la kuwashughulisha.

Sehemu hiyo sote tunaifuata. Iliyobaki ndiyo tunayoisahau. Baada ya siku tatu alirudi, akaita kinyozi awanyoe watoto, akawaombea dua, na mama yao alipotaja uyatima wao akamhakikishia kuwa yeye ndiye msimamizi wao duniani na akhera.

Hapa Vuga, vijana wetu huteremka Mombo kila siku kutafuta riziki Tanga, Dar es Salaam, na wengine hadi Uarabuni. Ndege hupanda wachache, lakini habari ya mauti ya mbali tunaijua. Inapofika, majirani hujaa uani, sufuria huletwa, kuni hupatikana. Siku ya nne ua huwa mtupu, na mjane aliye edani hubaki na maswali: nani anamdai marehemu, mirathi itagawiwa lini, nani atalipa ada ya watoto.

Sisi wa kamati ya msikiti tunakiri upungufu wetu. Daftari letu la misiba limeandika kila aliyechangia sanda na chakula, lakini halikuwa na ukurasa wa yatima. Sasa tumeufungua. Kila nyumba iliyofiwa inaandikiwa majina ya watoto, mlezi wao, madeni yanayojulikana, na jina la mjumbe mmoja atakayeitembelea baada ya siku ya tatu, kisha kila mwezi. Tunaziomba kamati nyingine zifanye vivyo hivyo.

Aliyekufa kwa kuzama, Mtume (SAW) amemhesabu miongoni mwa mashahidi. Marehemu tumemkabidhi kwa Mola wake. Watoto wake tumekabidhiwa sisi, na tutaulizwa.