Hapana, chanjo haimfanyi mbwa awe mpole

"Daktari, nataka kumchanja, lakini si atapoteza ukali?" Swali hili naulizwa getini, naulizwa sokoni, naulizwa usiku kwa simu na mtu ambaye jibu lake tayari analo. Wanaouliza si watu wasiosoma. Wamo wahasibu, walimu na wenye gereji ambao kuta zao zimepandwa vipande vya chupa juu. Wote wanajua kuwa kichaa cha mbwa kinaua. Wanachokiogopa zaidi ni mbwa atakayemtingishia mwizi mkia.

Jibu ni hapana. Ningeishia hapo, lakini nimeshajibu hivyo mara nyingi na mtu akaondoka na mbwa wake bila kuchanjwa, kwa hiyo leo twende hatua kwa hatua.

Chanjo ya kichaa wanayodungwa mbwa wetu ina virusi vilivyokwisha kuuawa kiwandani. Havizaliani, havipandi kwenye mishipa ya fahamu, havifiki kwenye ubongo. Kinga ya mwili inavitambua na kutengeneza kingamwili za kuvisubiri vilivyo hai, basi. Ukali haukai huko. Unatokana na wazazi wake, na jinsi alivyolelewa katika miezi mitatu ya mwanzo, na saa anazoshinda kwenye mnyororo, na kama watoto wa mtaa walimzoesha mawe. Kudai kwamba sindano hiyo inaondoa ukali ni sawa na kudai kwamba chanjo ya surua inamsahaulisha mtoto jedwali la kuzidisha. Mbwa wa polisi wanachanjwa. Anayeamini wamepooza kwa sababu hiyo, na ajaribu kukimbia mbele yao.

Imani hii ina mizizi, na mizizi yake naijua. Kwanza, mbwa aliyechanjwa anaweza kuchoka siku moja au mbili. Anapata homa kidogo, bega linamuuma, anakula kwa kusuasua na kulala kivulini. Mwenye nyumba anamtazama jioni ile ile, anaona mbwa hakubweka gari la maji lilipopita, na hukumu inatolewa. Siku ya tatu mbwa yuko vilevile kama zamani, lakini hukumu haikatiwi rufaa. Pili, kuna wanaomleta mbwa kuchanjwa na kuhasiwa kwa safari moja. Kuhasiwa kunaweza kupunguza kuzurura na kupigania majike, kisha lawama zote zinaenda kwa sindano. Tatu, na hili ndilo linaloniudhi, wapo wanaonufaika nayo: muuza mbwa anayetaka kueleza kwa nini wa kwake hajachanjwa, na fundi wa mtaani anayeuza "dawa ya kurudisha ukali". Dawa yenyewe ni pilipili kichaa, bangi, au nyigu waliosagwa na kuchanganywa kwenye ugali. Mbwa mwenye bangi tumboni hana ukali wowote. Anayumba, anajikojolea, na wakati mwingine analetwa kwangu hajitambui. Pilipili inampa maumivu ya tumbo, na mbwa mwenye maumivu atamng'ata yeyote aliye karibu, ambaye mara nyingi ni mtoto wa nyumba hiyo.

Kuna kinyume chake pia: "Nilimchanja, wiki mbili baadaye akapata kichaa. Sindano ndiyo iliyomwambukiza." Virusi vilivyokufa haviambukizi. Mbwa huyo alikuwa ameshang'atwa kabla. Baada ya kung'atwa, virusi vinaweza kutambaa kwenye neva kwa wiki au miezi kabla ya kufika kwenye ubongo, nayo chanjo inahitaji wiki kadhaa kujenga kinga kamili. Ulimchelewesha, ndugu yangu.

Na ukali huo mnaoulinda hivyo si kipimo cha chochote. Kichaa kina sura mbili. Ile ya kukimbia huku na huko na kung'ata kila kitu kila mtu anaijua. Nyingine ni ya kupooza: mbwa anatulia, anajificha gizani, taya linalegea, mate yanamtiririka. Mwenye mbwa anadhani amekwamwa na mfupa, anaingiza mkono kinywani autoe. Mate yale yale yana virusi, na mbwa anaweza kuanza kuvitoa siku chache kabla dalili yoyote haijaonekana. Mtu akishaonyesha dalili, hakuna hospitali yenye tiba. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 59,000 kwa mwaka, karibu vyote vikitokana na mbwa, na watoto wa chini ya miaka 15 ni kama 4 katika kila 10.

Wakati huohuo huu ni ugonjwa unaofukuzika. Ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ukarudia kila mwaka, maambukizi yanakatika. Pemba ilifanya hivyo na kuuondoa. Uliporudi kisiwani mwaka 2016, kampeni za chanjo ziliumaliza tena ifikapo 2018. Sasa fikirieni kampeni inapopita mtaani, kila mwenye mbwa mkali anamfungia bandani ili asiharibiwe, na wanaopelekwa ni wale wapole tu. Asilimia 70 itatoka wapi?

Madhara yapo, siyafichi. Katika takwimu za kliniki za Marekani zilizochapishwa mwaka 2005, zenye mbwa zaidi ya milioni moja, matatizo yaliyoandikwa ndani ya siku tatu yalikuwa kama 38 kwa kila mbwa 10,000, mengi yakiwa ya kuvimba uso, kuwashwa na kutapika. Wadogo wa umbo waliochomwa chanjo nyingi kwa siku moja ndio waliosumbuka zaidi. Mzio mkali wa kumwangusha mbwa chini ni nadra, lakini unakuja haraka. Kwa hiyo kaeni kliniki nusu saa baada ya sindano, na kama aliwahi kuvimba, semeni kabla sijamchoma. Mgonjwa mwenye homa kali asubiri apone. Hatari kubwa zaidi kwetu ni chanjo iliyoharibika: chupa iliyoshinda juani kwenye buti la bodaboda, au iliyonunuliwa dukani ukamchoma mwenyewe. Hiyo inaweza isimpe kinga yoyote.

Mengine kwa haraka. Mtoto wa mbwa aanze chanjo ya distempa na pavo akiwa na wiki 6 hadi 8, irudiwe kila baada ya wiki 3 au 4 hadi afikishe wiki 16, kwa sababu kinga aliyonyonya kwa mama inaizuia ile ya mwanzo kufanya kazi. Msidharau distempa: mwaka 1994 iliua takribani theluthi moja ya simba wa Serengeti. Chanjo ya leptospirosi ni ya kila mwaka. Ugonjwa huo ndio ulioitwa homa ya mgunda ulipozuka Lindi mwaka 2022, na mkojo wa mbwa nao unaweza kuubeba. Ya kichaa ni akiwa na miezi mitatu, tena mwaka unaofuata, kisha kila mwaka au kama lebo ya chanjo inavyoelekeza. Kwenye kampeni ya kijiji pelekeni hata vitoto, msiviache nyumbani. Kampeni nyingi hufanyika karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na mara nyingi ni bure.

Mbwa akimng'ata mtu, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, saa iko mkononi, kisha hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ana cheti. Msimuue, na msiniite kuja kumchanja jioni hiyo ili majirani watulie. Mfungeni siku 10, mumpe maji na chakula bila kumgusa. Akiwa mzima siku ya kumi, hakuwa na virusi kwenye mate siku aliyong'ata, na hapo ndipo nitakuja na sindano. Akifa kabla, msimzike. Pigieni simu ofisi ya mifugo ya kata, kwa kuwa kichwa chake kinahitajika maabara.