Mbwa wa Mkange Akitaka Kupanda Ndege

Mbwa anayepelekwa Ulaya kwa ndege hukaa angani chini ya siku moja, lakini safari yake huanza si chini ya miezi minne kabla, mezani kwa daktari wa mifugo. Kinachorefusha mambo ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu bado upo Tanzania, na karibu kila sharti ambalo nchi za nje humwekea mwenye mbwa limetungwa ili virusi vyake visivuke mpaka ndani ya mnyama anayeonekana mzima. Anayelijua hilo huyaona makaratasi yote kuwa na mpangilio. Asiyelijua hudhani ni usumbufu wa maofisa tu, na mara nyingi huishia kuchanja kwanza na kuuliza baadaye, jambo linalomgharimu miezi.

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa kwa kuumwa na mbwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria vifo vya Tanzania peke yake kuwa kama 1,500 kwa mwaka. Chanjo ya mbwa huukata ugonjwa huo, na kisiwa cha Pemba kimeonyesha hivyo: baada ya kampeni za kuchanja mbwa zilizoanza mwaka 2010, maambukizi yalikoma, yakarudi, kisha yakazimwa tena. Bara kazi ni ngumu zaidi, kwa kuwa mbwa hawazuiliwi na bahari.

Huko bara, kata ya Mkange iko kwenye njia inayotoka Mandera, ikapitia Miono na kuelekea Saadani, hifadhi ya taifa inayogusa Bahari ya Hindi. Mbwa wa huku ni wa kienyeji, na kazi yake ni kulinda: ngedere na nguruwe pori wasimalize mahindi na mihogo, na mgeni asifike uani bila kujulikana. Halali ndani ya nyumba. Anayetaka kusafiri na mbwa wa aina hii aghalabu ni mtu aliyekuja kufanya kazi ya hoteli, utafiti au kujitolea akamzoea, au ni familia inayohamia nje kwa masomo, kazi au ndoa. Mbwa mwenyewe ana sifa moja ambayo wenye mbwa wa bei kubwa wangeitamani: pua ndefu. Mashirika mengi ya ndege huwakataa au huwabana mbwa wa pua fupi, kama bulldog na pug, kwa sababu hupumua kwa shida kwenye joto na hofu.

Hatua ya kwanza ni chipu, kidude kidogo kama punje ya mchele kinachowekwa chini ya ngozi ya shingo kwa sindano. Kina namba ya tarakimu 15 inayosomwa kwa mashine, na namba hiyo ndiyo itakayoandikwa kwenye kila karatasi ya mbwa. Chipu hutangulia chanjo, au angalau viwekwe siku moja. Chanjo iliyochomwa kabla ya chipu haihesabiki, hata kama kadi yake ina mhuri na sahihi, kwa kuwa hakuna kinachothibitisha kwamba mbwa aliyechanjwa ndiye huyu aliyeletwa uwanjani. Hapa ndipo watu wa vijijini hukwama zaidi. Afisa mifugo wa kata anaweza kuchanja, lakini chipu na mashine ya kuisomea ni vitu vya kutafuta kwenye kliniki za wanyama za Dar es Salaam.

Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa safari ya Ulaya hukubaliwa mbwa akiwa ametimiza wiki 12. Kisha husubiriwa siku 30, ndipo damu itolewe na kupelekwa kwenye maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya, kama zile zilizoko Afrika Kusini na Ufaransa. Kinachotafutwa ni kiwango cha kingamwili: kikifika vizio 0.5 vya kimataifa kwa mililita, mbwa amefaulu. Akishafaulu hasafiri papo hapo. Husubiri tena miezi mitatu, ikihesabiwa tangu siku damu ilipotolewa.

Miezi hiyo mitatu ndiyo huwaudhi watu kuliko yote, na ndiyo yenye mantiki kuliko yote. Virusi vya kichaa cha mbwa huweza kujificha mwilini wiki nyingi bila dalili. Mbwa aliyeng'atwa muda mfupi kabla ya kuchanjwa anaweza kuwa na kingamwili za kutosha huku ugonjwa ukipanda polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni. Akiwa ameambukizwa, yaelekea ataonyesha dalili ndani ya muda huo, akiwa bado nyumbani. Mtoto wa mbwa aliyezaliwa Mkange basi hawezi kuingia Ulaya kabla ya umri wa karibu miezi saba. Kwa upande mwingine, aliyefaulu kipimo hakirudii tena kwa safari ya Ulaya, mradi chanjo zinazofuata zisipitwe na tarehe hata kwa siku moja.

Uingereza nayo hudai chipu, chanjo, kipimo na miezi mitatu, ikaongeza dawa ya minyoo tegu inayotolewa na daktari kati ya saa 24 na 120 kabla ya kufika. Kwa ndege, mbwa huingia huko kama shehena, si mkobani kwa abiria. Masharti haya, kwa ukali wake wote, ni nafuu: kabla ya mwaka 2012 mbwa kutoka Tanzania alikaa karantini miezi sita. Marekani ilibadili kanuni zake tarehe 1 Agosti 2024. Mbwa lazima awe ametimiza miezi sita, na anayetoka nchi yenye hatari kubwa ya kichaa, Tanzania ikiwamo, huingilia viwanja vichache tu vilivyotajwa. Asipokuwa na kipimo cha damu hukaa karantini siku 28 kwa gharama ya mwenyewe. Australia haipokei mbwa moja kwa moja kutoka Tanzania. Humtaka apitie kwanza nchi inayoikubali, na humpima magonjwa yanayoenezwa na kupe, ambao pwani hawakosekani.

Kupe si wadudu pekee wa kuogopwa. Ukanda wa Saadani una mbung'o, na mbwa anaweza kupata ugonjwa wanaoueneza. Mbwa aliyekonda au mwenye macho yaliyoingia ukungu apimwe mapema, maana daktari wa serikali hatoi cheti cha afya kwa mnyama mgonjwa. Cheti hicho, pamoja na kibali cha kumtoa nchini, hushughulikiwa na wizara inayohusika na mifugo, na kwa Ulaya hudumu siku kumi tu kabla ya kuingia. Kwa hiyo tiketi hukatwa kwanza, cheti kikafuata.

Kizimba cha safari kina vipimo vyake vilivyowekwa na chama cha mashirika ya ndege, IATA. Mbwa asimame bila kichwa kugusa juu, ageuke na alale kwa kujinyoosha. Kizimba kiwe na matundu ya hewa pande zote nne, na chombo cha maji kinachojazwa kutoka nje. Huwekwa sehemu ya mizigo yenye hewa na joto linalodhibitiwa, na rubani huarifiwa kuwa ana mnyama chini. Mbwa asipewe dawa ya usingizi, kwani hushusha shinikizo la damu na pumzi mahali ambapo hakuna wa kumwangalia. Dawa halisi ya hofu ni mazoezi, na kwa mbwa wa shamba ambaye hajawahi kufungiwa ndilo somo gumu kuliko yote. Kizimba kiwekwe uani wiki kadhaa kabla, mlango wazi, chakula kikiliwa humo humo.

Joto la Dar es Salaam kati ya Desemba na Machi ni sababu ya kuchagua ndege ya usiku, na unganisho moja ni bora kuliko mawili. Viwanja vya Amsterdam na Frankfurt vina jengo maalumu la wanyama ambako mbwa hunyweshwa na kupumzishwa. Kwa anayefikiria kurudi, kibali cha kumwingiza mbwa Tanzania huombwa wizarani kabla ya kuondoka kule alipo, na chanjo ya kichaa lazima iwe hai.