Gari la Kurudi Nalo Nyumbani

Kila anayefungasha kurudi nyumbani kutoka Leeds, Johannesburg au Muscat hufika siku akasimama nje, akalitazama gari lake na kuanza kupiga hesabu. Aliuze hukohuko kwa bei ya kutupa, au alipandishe meli? Wa kwanza kuulizwa, aghalabu shemeji mwenye "mtu wake bandarini", atajibu bila kusita kwamba mkazi anayerejea halipi kodi. Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Ila ukweli huo una masharti ambayo shemeji hajawahi kuyasoma, na ofisa wa forodha huyasoma neno kwa neno.

Masharti yenyewe yamo katika Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, kwenye Jedwali la Tano, sehemu ya mizigo ya abiria. Kwa kawaida gari halihesabiwi kuwa mzigo wa abiria. Anayehamia au anayerejea kuishi ndiye anayefunguliwa mlango, nao ni mwembamba: gari moja tu, mwenyewe awe ametimiza miaka 18, na gari hilo awe amelimiliki yeye binafsi na kulitumia huko nje kwa angalau miezi 12. Basi dogo la abiria zaidi ya 13 halimo. Gari la mizigo linalobeba zaidi ya tani mbili halimo pia, kwa hiyo anayeota kurudi na lori dogo la kuanzia biashara apime kwanza uwezo wake wa kubeba.

Wengi huanguka kwenye hiyo miezi 12. Sheria inasema wazi kwamba muda wa safari ya melini hauhesabiwi. Aliyenunua gari Januari, akalipakia Novemba, meli ikatia nanga Dar es Salaam Februari, kwa hesabu yake ana mwaka na ushei. Kwa hesabu ya forodha ana miezi kumi, na miezi kumi haimpi kitu.

Halafu kuna suala la umiliki. Ofisa anataka kuona karatasi, na karatasi za Ulaya zina mitego yake. Ile kadi ya usajili ya Uingereza, V5C, imeandikwa juu yake kwamba si uthibitisho wa umiliki. Inamtaja mtu anayelitunza gari na kuwajibika nalo barabarani, basi. Magari mengi kule hununuliwa kwa mkopo wa miaka mitatu au minne, na mpaka malipo ya mwisho yakamilike, mwenye gari kisheria ni kampuni iliyotoa fedha. Unaweza kuliendesha kila siku, ukalilipia bima na kodi ya barabara, na bado ukawa humiliki hata tairi. Kwa hiyo anayejipanga kurudi amalize deni mapema, akusanye ankara ya ununuzi, barua ya kufungwa kwa mkopo, bima zenye jina lake na karatasi za ukaguzi wa kila mwaka. Bima na ukaguzi ndivyo vinavyoonyesha kwamba gari lilitumika, maana kulimiliki likiwa limefunikwa turubai kwa mjomba hakutoshi. Na kama kila kitu kiko kwa jina la mke wakati anayeomba msamaha ni mume, wayamalize hayo kabla ya kufunga masanduku.

Ukishatua, saa nyingine inaanza kuhesabu. Mzigo unatakiwa uingie ndani ya siku 90 tangu wewe mwenyewe ulipofika, na Kamishna wa Forodha anaweza kuongeza muda huo hadi siku 360. Meli huchelewa na wakala wa forodha naye ana foleni yake, kwa hiyo ombi la kuongezewa muda liandikwe mapema.

Je, shida zote hizi zina faida? Tuchukue gari la mfano linaloingia Tanzania bila msamaha: injini ya cc 1500, thamani ya forodha dola 5,000 pamoja na usafiri na bima. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani dola 1,250. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa injini ya ukubwa huo, dola 312 na nusu. VAT ya asilimia 18 inakokotolewa juu ya jumla ya vyote hivyo, dola 1,181. Unakaribia dola 2,744 kabla ya ada ndogondogo. Hapo gari ni changa. Likipita miaka kumi, linaongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, VAT inapanda nao, na jumla inafika dola 4,956. Umelinunua gari mara mbili. Wala usidhani risiti ya jirani aliyekuuzia kwa pauni 500 itashusha hesabu hiyo. Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, ina kikokotoo chake chenye thamani kwa aina ya gari na mwaka, na Kenya huanza na bei ya gari jipya la aina hiyo kisha ikapunguza uchakavu wa kila mwaka.

Kwa hiyo msamaha ni fedha nzito kweli. Lakini haufuti gharama ya meli, ya bandari, ya wakala wala ya usajili, na haubadilishi upande wa usukani. Anayetoka Uingereza, Afrika Kusini au Japani ana bahati, kwani kote huko wanapita kushoto kama sisi. Anayetoka Marekani, Canada, Oman au Dubai ana usukani wa kushoto. Mzanzibari aliyeishi Muscat miaka ishirini anaweza kuwa na gari safi kuliko yote mtaani Malindi, kisha kila akitaka kulipita lori kwenye barabara nyembamba ya shamba, abiria wake ndiye wa kuchungulia mbele na kumwambia kama kuko wazi.

Kenya wamelitafutia dawa tatizo hili, na naona ni dawa ya akili. Mkazi anayerejea kutoka nchi ya usukani wa kushoto, aliyelimiliki gari lake huko kwa mwaka mzima, anaruhusiwa kuliuza na kuingiza mahali pake lenye usukani wa kulia, mradi thamani yake isizidi ya lile la kwanza. Hata hivyo Kenya hawana huruma na umri. Kiwango chao cha KS 1515 hakiruhusu gari lililozidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na msamaha wa mkazi anayerejea hauligusi sharti hilo. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, imefunga mlango kwa yaliyofikisha miaka 15. Tanzania haikatazi uzee, inautoza tu.

Nikiulizwa, wengi nitawashauri wauze hukohuko. Sababu yangu haiko kwenye sheria, iko Ilala na Gerezani kwenye maduka ya vipuri, au Barabara ya Kirinyaga kwa walio Nairobi. Fundi wetu anaijua Toyota IST gizani, na bampa yake utaipata kabla chai haijapoa. Mletee Vauxhall, jina ambalo hata Ulaya bara halijulikani kwa kuwa gari hilohilo huko huitwa Opel, uone atakavyokuna kichwa. Magari ya Uingereza pia hula chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa barafu, na kutu yake huanzia chini, mahali mnunuzi asipopachungulia. Yupo ninayemtenga na ushauri huu: mwenye gari lililorekebishwa kwa ajili ya kiti cha magurudumu, au lenye breki na mafuta vya kuendeshea kwa mikono. Huyo alete gari lake, maana hapa kulipata jingine la namna hiyo ni kazi.

Wapo wanaorudi kwa barabara, kutoka Johannesburg au Lusaka hadi Tunduma. Msamaha ni uleule, masharti ni yaleyale, na hakuna siku za melini za kukatwa. Gari la Afrika Kusini lije na cheti cha polisi kinachothibitisha halikuibwa, na kama lina mkopo, benki nayo itoe ruhusa ya kulivusha. Kosa la kawaida la njia hii ni kuvuka kwa kibali cha muda kama mgeni, kisha kujisahau. Kibali hicho ni cha anayetembea na kurudi. Ukishapanga nyumba Mbeya na watoto wakaanza shule, umekuwa mkazi, na namba ya Zambia kwenye gari lako itaanza kukusemea mbele ya kila askari.

Lililo baya kuliko yote ni hili la kuazimishana majina. Mwanafunzi anamaliza masomo, hana gari wala mpango wa kuwa nalo, na mtu anamfuata: "Jina lako tu, dogo, mengine niachie mimi." Anaahidiwa nauli na kitu kidogo cha mfukoni. Karatasi zinatengenezwa kuonyesha alilimiliki kwa mwaka mzima, gari linapita, na mwezi unaofuata limeshauzwa Kinondoni kwa bei ya soko. Sheria hiyohiyo ya 2004, kifungu cha 203, inampa anayewasilisha maelezo ya uongo forodha kifungo cha hadi miaka mitatu au faini ya hadi dola 10,000. Na hata aliyepata msamaha kihalali hana uhuru wa kuliuza gari hilo kwa yeyote: likienda kwa mtu asiyestahili msamaha, kodi iliyosamehewa inarudi mezani na inatakiwa ilipwe. Anayenunua gari la namna hiyo mtaani naye aombe kuonyeshwa lilivyoingia nchini kabla ya kutoa hela, kwa sababu deni likiibuka, gari ndilo la kwanza kushikwa.