Mtoto anapotaka kutengeneza gemu yake: Mzazi, ada unayoombwa inafungua mlango gani?

Ugomvi wa gemu majumbani unajulikana. Mtoto hataki kuachia pedi, chakula kinapoa mezani na kazi za shule hazijaguswa. Lakini lipo ombi jingine ambalo humkuta mzazi hajajiandaa. Mtoto wa miaka 13 au 15 anakuja kusema amechoka kucheza gemu za wengine, anataka kutengeneza ya kwake, tena ichezwe kwenye televisheni ya sebuleni. Kisha anaongeza kwa sauti ya chini kwamba kuna ada ya kulipa.

Wapo wazazi watakaokataa papo hapo, wakiona ni mbinu mpya ya kucheza zaidi. Wapo watakaolipa haraka kwa furaha ya kuona mtoto ana kipaji. Kabla ya kufanya lolote kati ya hayo, mzazi anapaswa kujua jambo moja: fedha hiyo inanunua nini, na siku ikiacha kulipwa mtoto anabaki na nini mkononi.

Kwa nini mashine ya gemu ina mlinzi mlangoni

Kompyuta ya kawaida humruhusu mtu yeyote kuandika programu na kuiendesha. Mashine ya gemu kama Xbox, PlayStation au zile za Nintendo haziko hivyo. Hukubali tu programu iliyoidhinishwa na kampuni iliyoitengeneza.

Sababu kubwa ni biashara. Mara nyingi mashine yenyewe huuzwa kwa faida ndogo, au hata kwa hasara, na kampuni hupata fedha zake kwenye kila gemu inayouzwa. Mlango ukiwa wazi, gemu za wizi nazo zitapita. Kwa hiyo vifaa vya kutengenezea gemu vilikuwa vya kampuni zenye mikataba na mtaji, na mtoto aliyejifunza chumbani kwake hakuwa na pa kuingilia.

Hata hivyo, mara chache milango midogo ilifunguliwa. Mwaka 1984 Nintendo iliuza Japan kibodi na katriji ya kuandikia programu kwenye mashine yake ya Famicom, na kazi ya mtoto ilihifadhiwa kwenye kanda ya kaseti. Katika miaka ya 1990 Sony ilileta Net Yaroze, PlayStation ya rangi nyeusi iliyouzwa kwa watu binafsi. Nchini Marekani iliuzwa mwaka 1997 kwa takriban dola 750, na mnunuzi alihitaji pia kompyuta ya kuandikia. Gemu nzima ilipaswa kuenea kwenye kumbukumbu ya megabaiti 2 tu. Pamoja na ubanifu huo, gemu ya mafumbo ya Devil Dice ilianzia huko kabla ya kuuzwa madukani.

Dola 99 kwa mwaka

Mlango uliowafikia watu wengi zaidi ulifunguliwa na Microsoft Desemba 2006. Kampuni hiyo ilitoa zana za kutengeneza gemu zilizoitwa XNA Game Studio Express, zikitumia lugha ya programu ya C#. Zana zenyewe zilikuwa bure, na ukitengeneza gemu ya kompyuta hukulipa chochote.

Ada ilikuja pale ulipotaka kuiona gemu yako kwenye Xbox 360. Ilibidi ujiunge na klabu ya watengenezaji, XNA Creators Club, kwa dola 99 kwa mwaka, au dola 49 kwa miezi minne. Mashine yako ilipaswa kuwa na diski ya kuhifadhia na kuunganishwa na intaneti.

Kwa kijana wa Marekani aliyefanya kazi za likizo, hizo zilikuwa fedha nyingi lakini zilipatikana. Ukilinganisha na bei za vifaa vya kampuni kubwa, zilikuwa kidogo sana. Tatizo lilikuwa masharti yaliyofuata. Mwanzoni, kijana akitaka rafiki yake aicheze gemu hiyo kwenye Xbox ya kwake, rafiki naye alipaswa kulipia uanachama, kisha apewe faili za programu aziandae mwenyewe kwenye kompyuta. Na uanachama ulipokwisha, gemu uliyoitengeneza kwa mikono yako haikufunguka tena kwenye mashine uliyoinunua kwa fedha zako.

Hapo ndipo mzazi anapaswa kuwa makini. Dola 99 hazikuwa bei ya kitu. Zilikuwa kodi ya pango, na mwenye nyumba alibaki na ufunguo.

Soko lilipofunguliwa, na lilipofungwa

Novemba 2008 mambo yalipanuka. Microsoft ilifungua soko ambamo wanachama waliweza kuuza gemu zao kwa watu wote wenye Xbox 360 katika nchi zilizoruhusiwa. Mwaka uliofuata soko hilo lilipewa jina la Xbox Live Indie Games. Gemu zilikaguliwa na watengenezaji wenzao, na muuzaji alipata asilimia 70 ya mauzo.

Tufanye hesabu ya nyumbani. Gemu ya bei ya chini iliuzwa dola 1. Mtengenezaji alibaki na senti 70. Ili kurudisha ada ya mwaka mmoja peke yake, alihitaji wateja 142. Hapo hujahesabu umeme, intaneti wala miezi ya kukesha. Wachache walifanikiwa: James Silva aliuza kwa dola 1 gemu ya mazombi iliyopendwa sana mwaka 2009. Lakini gemu zilikuwa nyingi na nyingine ziliandaliwa kwa pupa, hivyo kazi nzuri ya mtu asiye na jina ilizama kirahisi.

Kisha kampuni ikabadili mwelekeo. Mwaka 2013 ilijulikana kwamba XNA haitaendelezwa tena. Soko likaacha kupokea gemu mpya, na mwaka 2017 likafungwa kabisa. Gemu ambayo mtengenezaji wake hakuwa ameihamishia kwingine haikununulika tena popote.

Si Microsoft peke yake. Dreams, programu ya PlayStation 4 ya mwaka 2020 iliyowawezesha watu kujenga gemu kwa kutumia pedi, iliacha kupata maboresho ya mara kwa mara Septemba 2023. Kampuni hupanga na kupangua kwa hesabu zake, na kijana aliyeweka kazi yake humo huwa haulizwi.

Kilichobaki baada ya mlango kufungwa

Je, wazazi waliolipa dola 99 walipoteza? Jibu linategemea mtoto alichukua nini humo ndani.

C# ni lugha inayotumika katika ofisi na viwanda vya programu duniani kote, haikuwa lugha ya Xbox pekee. Aliyejifunza vizuri aliondoka nayo. Hata XNA yenyewe haikufa kabisa: wapenzi wake walitengeneza MonoGame, zana ya chanzo huria inayofuata utaratibu uleule na isiyolipiwa.

Mfano mzuri ni Eric Barone wa Marekani. Alitengeneza peke yake gemu ya kilimo ya Stardew Valley kwa zaidi ya miaka minne akitumia XNA, na mwanzoni alikusudia kuiuza kwenye soko hilohilo la Xbox Live Indie Games. Hakufika huko. Gemu ilitoka mwaka 2016 kwa ajili ya kompyuta, ikapendwa na mamilioni ya watu, na baadaye ikahamishiwa kwenye MonoGame. Ujuzi wake haukufungiwa kwenye mlango mmoja, ndiyo maana mlango ulipofungwa hakuanguka nao.

Maswali matano kabla ya kulipa

Leo bado ipo njia ya kulipia. Tangu mwaka 2016 Xbox One ya kawaida imeweza kugeuzwa kuwa mashine ya majaribio ya mtengenezaji, kwa akaunti iliyoanza na ada ya mara moja ya takriban dola 19 kwa mtu binafsi. Nintendo Switch nayo ina Game Builder Garage, inayouzwa kama gemu yoyote ile. Mtoto akikuletea ombi la namna hii, kaa naye muulizane:

1. Ada ni ya mara moja au inajirudia? Kama inajirudia, tarehe ya kukatwa fedha iandikwe kwenye kalenda ya nyumbani, na kadi ya benki isibaki imehifadhiwa kwenye mashine.

2. Tukiacha kulipa, gemu yako bado itafunguka? Kama haitafunguka, mtoto ajue hilo mapema.

3. Faili za kazi yako zinaweza kutolewa na kuhifadhiwa kwenye kompyuta au flashi? Kazi isiyotoka ndani ya mashine si mali yake kikamilifu.

4. Nchi yetu imo kwenye orodha ya huduma? Mtu anaweza kulipa kisha akakuta hawezi kuuza wala kupokea malipo.

5. Mkataba ni kwa jina la nani? Akaunti ya mtengenezaji ina masharti ya kisheria na kodi. Hiyo ni kazi ya mzazi, mtoto asibonyeze "nakubali" peke yake.

Kuhusu njia ya mkato ya kumpelekea fundi avunje ulinzi wa mashine: hilo likatae. Mashine inaweza kufungiwa huduma za mtandaoni, na dhamana yake ikapotea.

Anza na kisicholipiwa

Ushauri wa msingi ni huu: usilipe mlango kabla mtoto hajaonyesha kwamba anatembea. Kwa wadogo ipo Scratch, programu ya bure iliyoanzishwa na chuo kikuu cha MIT, ambayo ina hata Kiswahili na hutumika bila intaneti ukishaipakua. Kwa wakubwa ipo Godot, ya bure na ya chanzo huria. Zote hufanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida ya nyumbani.

Mwambie amalize gemu moja ndogo, hata kama ni mpira unaoruka kuta tatu. Neno muhimu hapo ni "amalize". Mpe mwezi mmoja au miwili. Akimaliza, icheze pamoja naye na umuulize ameijengaje. Mtoto aliyejifunza atakueleza hadi uchoke.

Akishafika hapo na bado anatamani kuiona kazi yake kwenye televisheni ya sebuleni, ada ya mara moja inaweza kuwa zawadi nzuri kuliko gemu mpya. Mlipie, huku ukijua unamlipia mtoto ambaye tayari ana ujuzi kichwani na nakala ya kazi yake kabatini.